Ndoo Nne za Mzee Kimeli

Kila asubuhi Mzee Kimeli alikunywa chai, kisha akatoka kwenye balkoni kukagua shamba lake. Shamba lenyewe lilikuwa ndoo nne za rangi zilizojaa udongo.

Mzee alikuwa amelima mahindi kijijini kwao, Plateau, kwa miaka arobaini. Sasa aliishi mjini, mtaa wa West Indies, na binti yake, Purity, ili awe karibu na kliniki. Daktari alitaka kumwona kila wiki. Purity alimnunulia miche ya nyanya ili asichoshwe na maisha ya ghorofa.

Nyanya zilirefuka, zikawa nyembamba na kupauka. Mzee akaziwekea CAN, mbolea ya kukuzia, kama alivyozoea kwa mahindi. Zikarefuka zaidi. Hazikuzaa hata moja.

"Purity, nirudishe nyumbani," alisema. "Mkulima akishindwa na ndoo, amebaki na nini?"

"Na kliniki, Baba?"

Mzee akageukia ndoo zake.

Purity akamwita jirani yao, Leonida, ambaye hufundisha vikundi vya akina mama kilimo cha mjini. Leonida alizitazama nyanya, akacheka.

"Mzee, hizi ni nyanya ama wakimbiaji wa Kaptagat? Miguu mirefu, mwili hakuna!"

Mzee alijaribu kununa, akashindwa.

"Si mbolea zinakosa," Leonida alisema. "Zinatafuta jua. Shika chaki hii. Kesho, kila saa, weka alama mahali jua limefika."

Kesho yake Mzee hakusinzia kutwa nzima. Jioni alimpa Leonida ripoti.

"Jua linaingia saa mbili, linatoka saa tano. Basi."

"Huo ni muda wa saa tatu tu. Nyanya inataka sita au zaidi. Mboga za majani, kama spinachi na dania, zinaweza kuvumilia."

Leonida akainua ndoo moja. "Na mashimo ya kutoa maji yako wapi? Maji yakisimama, mizizi inaoza. Tena kwenye kivuli udongo haukauki haraka. Ingiza kidole kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, usimwagilie."

"Miaka arobaini nimeomba mvua," Mzee alisema, "leo nakatazwa maji!"

Waling'oa nyanya, wakatoboa ndoo chini, wakapanda spinachi na dania. Wakazisogeza karibu na ukuta mweupe, unaorudisha mwanga.

Baada ya wiki nane Mzee alivuna. Fungu la kwanza alimpelekea Leonida mwenyewe.

Ijumaa hiyo Purity alirudi kutoka kliniki na habari njema. "Baba, daktari amesema unaweza kukaa wiki mbili bila kumwona. Kesho nikupeleke Plateau?"

Mzee aliingiza kidole kwenye ndoo ya kwanza, kisha ya pili.

"Nenda wewe, unisalimie watu," alisema. "Hizi zitataka maji kesho."