Gango Lililofukizwa Udi

"Tasneem! Nini hicho chanuka plastiki?" mama aliuliza kutoka jikoni.

 Tasneem alikuwa amechuchumaa mbele ya chetezo, macho yamemtoka, gango la Swafwan likijikunja juu ya makaa. Alilinyakua, likamuunguza vidole, akalitupa mkekani. Lilikuwa limepindana kama papa mkavu.

"Ni udi tu, mama," alisema, na machozi yamemlenga.

Sasa huyu binti naye, nani alimwambia gango hufukizwa? Lakini tusimlaumu upesi. Mchumba wake Swafwan, fundi wa friji hapo Muyeye, alipatwa na kiharusi mwaka jana, na mkono wa kuume ukajifunga ngumi. Dorcas, daktari wa mazoezi hospitalini, ndiye aliyemtengenezea gango lile la plastiki la kushikilia mkono, avae kila alalapo ili misuli isikaze na vidole vinyooke. Mikanda ilipokatika, Nasiba, dadake Swafwan, alilileta kwa Tasneem mshonaji atie mipya. Tasneem akatia, akalinusa, akakutana na jasho la miezi mitano. Na kwao kitu hakitoki cherehani kurudi kwa mwenyewe bila kupitishwa kwenye udi.

Harusi ilikuwa imebaki siku tisa. Ilishaahirishwa mara mbili, na aliyeahirisha ni Swafwan mwenyewe. Ndoa hufungwa watu wameshikana mikono ya kuume, na yeye aliapa hatampa baba mkwe ngumi. Mzee Msellem, baba yake Tasneem, naye alishasema hakuna mara ya tatu.

Simu ikalia. Swafwan. Tasneem akaitazama mpaka ikakatika.

Ujumbe wa kwanza ukaingia: "Gango liko tayari? Jana nimelala bila, leo mkono mgumu kama jiwe."

Tasneem akaigeuza simu kifudifudi. Siku ya pili: "Tasneem, kama umenichoka niambie. Usinifiche."

Siku ya tatu, asubuhi: "Nimeelewa. Nikitoka kwa Dorcas napita kwa baba yako, nimwambie mimi ndiye niliyekataa. Wewe usibebe lawama."

Hapo moyo ulimpasuka. Alivaa buibui, akalifunga gango ndani ya leso, akatoka mbio kwenda hospitalini.

Alimkuta Swafwan kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, ngumi yake juu ya paja.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza bila kumtazama.

"Nimekuja kuomba radhi. Swafwan, nimeliunguza."

"Umeunguza nini?"

Akafungua leso. Swafwan akalitazama lile dude, akamtazama yeye.

"Hili lilikuwa juu ya nini?"

"Chetezo. Lilikuwa lanuka jasho, nami nikataka ulipate lanukia. Wallahi sikujua plastiki hii haistahimili moto. Nikaogopa utaahirisha tena, na baba hatakubali. Nikanyamaza."

"Siku tatu mimi nadhani umeniacha, kumbe ni udi?"

"Ni udi."

Mlango ukafunguliwa. Dorcas alilipokea gango, akaligeuzageuza, akalinusa. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Daktari, usicheke, mwenzio nimekufa," Tasneem alisema.

"Hujafa, dada. Hii plastiki hulainishwa kwa maji ya moto, ndivyo nilivyoitengeneza. Bahati yako haikuungua, imelainika tu. Ingieni."

Alilitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, likalegea kama chapati mbichi. Akaukandakanda mkono wa Swafwan polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka ukalegea, akaupimia gango upya.

"Mnaona? Vidole vimefunguka kupita nilivyovipima mara ya kwanza. Gango lilishakuwa halimtoshi, na wewe Swafwan hukusema. Ningelikanda upya hata bila huo udi wenu."

Tasneem aliketi chini pale pale, akashusha pumzi alizozizuia siku tatu.

"Na Ijumaa ya harusi?" aliuliza.

"Avae kila alalapo, afanye mazoezi. Mkono atautoa."

Swafwan alimgeukia. "Siahirishi. Lakini uniahidi, siku nyingine ukiunguza kitu, uniambie siku hiyo hiyo."

"Naahidi."

Ijumaa baada ya alasiri wanaume walikuwa msikitini, na Tasneem chumbani kwao, hina imemkolea, roho juu. Wa kwanza kurudi alikuwa Mzee Msellem, akijipangusa macho.

"Baba, vipi?"

"Kanishika. Tena kanifinya! Na mkono wenyewe wanuka udi, sijui kwa nini."

Swafwan akaingizwa kumpa bibi harusi mkono. Vidole vinne vilikuwa vimenyooka, kidole gumba bado kikaidi kidogo.

"Assalaam aleikum, mke wangu."

"Waaleikum salaam. Gango liko wapi?"

"Nimemwachia mama yako mlangoni. Nimemwomba aliweke mbali na chetezo."

Tasneem alicheka huku machozi yanamtoka, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili.