Klematisi wa Mwisho wa Mama

Muhayyo alifagia ua, akabandika birika la chai, kisha akaenda kutazama miche yake ukutani. Alirudi amenuna.

"Wa pili nao umekufa," alimwambia mumewe, Ergash.

"Si nilikwambia? Panda nyanya, tule!"

Muhayyo hakucheka. Marehemu mama yake alikuwa na klematisi, mmea wa kutambaa wenye maua makubwa ya zambarau. Kaka yake, Botir, alipoijenga upya nyumba ya mama, aliung'oa. Muhayyo aliokoa miche mitatu tu. Sasa ulibaki mmoja, bado ukiwa koponi.

"Huu haufi," alisema. Akaubeba mpaka kwa jirani yao, Sanobar, mfanyakazi wa kitalu.

"Ile miwili uliipandaje, shoga?" Sanobar aliuliza.

"Kama mtufaha. Shingo juu ya udongo, samadi mbichi ya kondoo, maji ya mfereji kila siku."

"Makubwa! Umeiunguza kwa samadi, kisha ukaizamisha! Na shingo yake hufukiwa. Mbona mizabibu unaifukia kila mwaka kabla ya baridi, na huogopi?"

Walirudi kwa Muhayyo, wakachimba shimo chini ya ukuta, kando ya lango, la kina cha mkono mpaka kiwiko. Sanobar alichanganya udongo na samadi iliyooza. Aliupanda mche hadi shingo, pale shina linapokutana na mizizi, ikawa vidole vinne chini ya ardhi.

"Shina likifa, macho ya chini yatachipua," alieleza. Kisha akalikata shina, akabakiza jozi mbili za macho.

"Unaniulia!" Muhayyo alishtuka.

"Ninakupa matawi. Tulia! Weka matofali hapa, mizizi haipendi jua. Chomeka kidole udongoni. Ukiona pakavu, ndipo umwagilie."

Muhayyo alifuata yote. Mche ulianza kupanda ukuta. Lakini siku moja kondoo wa Ergash alikata kamba, akautafuna wote mpaka chini.

Siku hiyo Ergash hakutaja nyanya.

Muhayyo alilia sana. Kisha akafuta machozi, akachomeka kidole udongoni, akaenda kuchota maji. Kwa wiki tatu alitunza udongo mtupu. Majirani walimcheka.

Siku ya ishirini na mbili, machipukizi mawili yalitokeza kati ya matofali. Ergash mwenyewe alijenga uzio.

Mwaka wa pili, maua yalifunika lango lote. Botir alikuja kula pilau, akasimama langoni.

"Ni ya mama haya?"

"Ni ya mama."

"Dada, nipe mche."

"Nitakupa. Lakini shimo utachimba mwenyewe, kaka, mpaka kiwiko. Na nitakuja kupima."