Kidole Kimoja Chini ya Mpira

Mzigo ulianza kuyumba kabla pikipiki haijafika chini ya korongo. Mwanamke aliyepakiwa nyuma, Sikudhani, aliusikia ukimgonga mgongoni, mara kushoto, mara kulia, akafungua mdomo kumwambia mdogo wake Sadiki asimame. Hakuwahi. Gurudumu la nyuma liliteleza kwenye mchanga, marobota mawili yakaelemea upande mmoja, na pikipiki ikaanguka juu ya mguu wa Sadiki.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, kiangazi kimekolea, nao walikuwa kwenye njia ya ng'ombe wakiuwahi mnada wa Arash. Njia ya mkato, alisema Sadiki. Njia za mkato za Sadiki zilikuwa na historia ndefu, na hakuna hata moja iliyowahi kuwafikisha mapema.

Ndani ya marobota mlikuwa na mipira ya kufungia mizigo. Sikudhani aliikata mwenyewe nyuma ya duka lake pale Karatu, kutoka tyubu kuukuu za malori, upana wa vidole viwili, ileile ambayo watu hufungia magodoro, magunia na kreti za soda. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, na mji mzima ulijua kwamba alichofunga Sikudhani hakifunguki mpaka kifike. Asubuhi ile tu, yeye akiwa anaswali, Sadiki ndiye aliyefunga.

"Ulifungaje wewe?" Hilo ndilo lililomtoka kwanza, na baadaye lilimtia aibu sana.

"Dada, mguu."

Aliinua pikipiki kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Ngozi haikuchanika, lakini mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, na mguu ulipinda mahali pasipo na kiungo. Dumu la maji lilipasuka na mchanga ulishayanywa yote. Ilibaki chupa moja, tena nusu. Simu haikuwa na mtandao.

Sikudhani alikata fito za kichaka cha mgunga kwa kisu chake cha kazi, akachana kanga na kuzizungushia, akachomoa mipira kwenye robota. Alikuwa na hasira na hofu, na vyote viwili viliingia mikononi. Alivuta mpira mpaka ukawa mwembamba, akazungusha, akakanyaga ncha, akavuta tena. Sadiki alipiga yowe.

"Vumilia. Huu nimefunga mimi, hauchezi."

Jua lilikuwa linapanda na korongoni hapakuwa na kivuli hata cha kuku. Juu ya ukingo ulionekana mti mmoja. Alitafuta fito mbili nene, ndefu, akaisuka mipira katikati yake kama kitanda cha kamba, akamlaza Sadiki na kumfunga asiporomoke. Kisha akajipitishia mipira mingine mabegani na kuanza kuvuta, ameinama kama ng'ombe wa plau wa kule mashambani Buger.

Hatua kumi, anapumzika. Hatua kumi tena. Kisha saba. Kisha nne. Mabega yalichubuka, mate yalikauka, na kila alipotazama juu mti ulikuwa palepale. Walikunywa kwa kifuniko cha chupa, kimoja chake, viwili vya Sadiki.

"Dada, kaa kidogo."

"Nikikaa siinuki."

Walifika kivulini karibu saa saba. Alianguka pembeni ya machela, akabaki akitazama matawi bila kuwaza kitu.

"Hauumi tena," Sadiki alisema.

"Alhamdulillahi."

Alishukuru kwa moyo wote, mjinga wa watu. Alinyoosha mkono kumpapasa mdogo wake mguu, akagusa vidole. Vilikuwa baridi. Joto lote lile, na vidole baridi, rangi yake imekuwa kama zambarau.

"Sadiki, chezesha vidole."

"Nachezesha."

Havikucheza hata kimoja. Hapo uchovu ulimtoka kwa ghafla, akabaki na woga mtupu. Mguu haukuwa umepona, ulikuwa unakufa, na muuaji ni yeye. Amemfunga mdogo wake kama gunia la mahindi. Sadiki alikula kwa bodaboda, yeye, mke na watoto wawili, na mguu ule ndio uliobadilisha gia.

Alijaribu kufungua fundo. Fundo la Sikudhani halifunguki mpaka lifike. Alipenyeza kisu chini ya mpira, akakata mmoja, wa pili, mpaka wa mwisho. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu damu ikarudi, na Sadiki akalia kwa sauti ya kutisha.

"Lia, baba, lia!" Naye alikuwa analia, kwa furaha.

Alifunga upya. Safari hii, kila mpira alioupitisha aliweka kidole chake chini, na kidole kisipopita alilegeza. Mikono ilikataa, ikitaka kuvuta, ikabidi aikaripie. Alipomaliza, kidole gumba cha Sadiki kilijongea kidogo, kwa uvivu, kama mwenyewe.

Maji yalikuwa yamekwisha. Sikudhani aliyatazama marobota kule chini, akashuka, akapandisha moja. Alifyeka nyasi kwa kisu na miguu mpaka udongo ukabaki mtupu, akaiwasha ile mipira kwa kiberiti alichokikuta mfukoni mwa Sadiki. Moshi mweusi, mzito, ulipanda juu ya mbuga.

Waliokuja hawakuja kwa huruma. Wanaume wawili walitokea mbio, matawi mabichi mikononi, tayari kuzima.

"Wewe mama, nani amekutuma kuchoma malisho? Ng'ombe watakula nini hii kiangazi?" alifoka wa mbele. Kisha akaona udongo uliofyekwa, akaona machela, akashusha tawi na kumwamkia kama mama yake. "Yeyo, takwenya."

"Iko," alijibu Sikudhani, Kimaasai chake cha mnadani. "Maji, baba. Mpe huyu kwanza."

Yule wa mbele jina lake Sairowua. Alitoa kibuyu cha maziwa, akamnywesha Sadiki, kisha yeye na ndugu yake wakabeba machela mpaka barabarani, walikopata gari lililokuwa linatoka mnadani na mbuzi. Sikudhani alikaa kati ya mbuzi, mkono kwenye mguu wa mdogo wake. "Chezesha," alisema kila baada ya muda. "Nachezesha, dada." Na kweli vilicheza.

Hospitalini, daktari aliutazama mguu kwa makini. "Aliyefunga hapa alijua kazi."

"Mara ya pili ndiyo nilijua," alisema Sikudhani, akaketi sakafuni.

Siku hizi bado anafunga mizigo pale Karatu, kwa nguvu ileile, maana mzigo uliolegea anajua ulimfikisha wapi. Sadiki hukaa kwenye benchi la duka, magongo kando, akingoja mfupa ukomae. Sikudhani akivuta mpira wa mwisho na kupiga fundo, hukawia kuuachia, akageuka kumtazama. Sadiki huinua mguu na kuchezesha vidole vyote vitano, ndipo dada yake anapouachia mpira.