Almasi ya Ngome ya Devkot

Zama zile ambapo wapiganaji kutoka pwani yetu walivushwa bahari kwenda kuwatumikia wafalme wa Bara Hindi, alikuwako katika ngome ya Devkot amiri mmoja mzaliwa wa Pate, Shee bin Mkuu. Alifika huko akiwa mtumwa, akajipatia uhuru kwa upanga wake, na sasa wapanda farasi wote wa ngome walikuwa chini ya amri yake.

Mfalme wa Devkot alikuwa amefariki karibuni, akamwacha mkewe, Malkia Gulnar, na mtoto mchanga. Jirani yao, Sultani Farhad, akaona mwanya. Akaja na tembo na mizinga, akaizingira ngome pande zote.

Watu wa Devkot hawakutetereka, kwa kuwa walikuwa na almasi ya kifalme. Waliamini ilizaliwa pale radi ilipopasua mwamba wa mtoni, kwamba hakuna chuma kiwezacho kuivunja, na kwamba aliyeivaa kilembani hashindwi vitani. Marehemu mfalme aliivaa kila vita, na kweli hakushindwa hata mara moja.

Asubuhi mizinga ilipobomoa ukuta wa mashariki, askari walisita. Mkuu wa askari wa miguu, Dilawar Beg, ambaye tangu zamani hakumpenda Shee wala hakulificha hilo, alitamka mbele ya wote kwamba watu wake hawatasimama kwenye ufa ule mpaka waione almasi.

Shee akapanda mbio hadi kwa Malkia. Malkia aliwatoa wajakazi, kisha akafungua kijaluba cha fedha. Ndani mlikuwa na vipande vitupu. Akamweleza kwamba mfalme, akiwa na wageni, aliiweka almasi juu ya fuawe ili awaonyeshe kuwa haivunjiki. Nyundo ilishuka mara moja tu. Wageni aliwaapisha wasiseme, na aibu ile akaificha hadi kifo chake.

"Tafuta kipande cha kioo, Amiri," Malkia alisema. "Nitakivaa mimi, nisimame ukutani. Kwa mbali nani atatambua?"

Shee alitamani kukubali. Huko nje mizinga ilinguruma tena, na vumbi likaanguka kutoka darini.

"Dilawar atatambua, Malkia. Na akitambua kuwa tumemdanganya siku ya leo, hatutakuwa na jeshi."

Akashuka na kijaluba, akakifungua mbele ya maakida, akawaambia yote. Dilawar Beg akachukua kipande kimoja, akakivuta juu ya bapa la upanga wake, nacho kikaacha mchoro mweupe katika chuma.

"Bado inakata," akasema.

Akakipachika kilembani mwake. Maakida wakasogea wakagawana vilivyobaki, na ghafla watu wote wakawa wanasema kwa pamoja, wakikaza mikanda na kuomba mishale. Shee akawatoa farasi wake kwa lango la kusini. Walizunguka kilima kwa kasi iliyomwondolea Shee kilemba, wakawaangukia wapiga mizinga kutoka nyuma. Baruti ikalipuka. Tembo wa Farhad wakageuka kwa hofu, wakakanyaga safu za bwana wao wenyewe, na kufikia alasiri bendera zake zilikuwa zikikimbilia mtoni.

Dilawar Beg alikutwa kwenye ufa, miongoni mwa maadui aliowazuia, ngumi yake imefumbwa juu ya kile kipande alichokuwa amekichomoa kilembani. Maakida walimrudishia Malkia vipande vyao. Shee hakukubali ngumi ile ifunguliwe, wakamzika hivyo hivyo.

Waandishi wa tarikhi waliandika kwamba almasi ya Devkot ilisagwa na mizinga ya Farhad, maana haikufaa isemwe kuwa mfalme aliivunja mwenyewe. Shee aliishi hadi akayasikia maneno hayo yakisomwa barazani, wala hakuyapinga. Ila alipozaliwa mwanawe wa kwanza, na jamaa zake wakatuma salamu kutoka Pate kuuliza jina, aliwajibu kwamba mtoto anaitwa Dilawar.