Viatu vya Lydiah

Kila Jumapili asubuhi, nyumbani kwao katika mtaa wa Jericho, Nasike alivipiga rangi viatu vyeusi alivyoachiwa na dada yake Lydiah, aliyekwisha kuolewa. Vilikuwa vyembamba mbele, navyo vilimbana. Lakini wasichana wa ngoma kanisani walipiga gwaride na viatu vya namna hiyo, na asiyekuwa navyo alikaa nyuma na watoto wadogo.

"Mama, vinaniuma," alisema siku ya kwanza.

"Vitapanuka," alijibu mama yake, Asenath. "Usinitie aibu."

Nasike akaendelea kuvivaa. Rafiki yake Jecinta alipouliza mbona anachechemea, alisema ni kokoto tu. Uongo huo ulimponza. Miezi ilivyopita, kidole gumba cha mguu wa kulia kilipinda kuelekea vidole vingine, na kando yake ikatokeza nundu ngumu ya mfupa. Jumapili moja akaanguka katikati ya gwaride.

Hospitalini, Daktari Mativo aliutazama mguu, kisha viatu.

"Kuna upasuaji wa namna mbili," alieleza. "Tunaweza kuchonga nundu peke yake. Jeraha hupona upesi, lakini kidole hubaki kimepinda na nundu huweza kurudi. Au tuukate mfupa, tuunyooshe na kuushikilia kwa waya mpaka uunge. Hapo atakaa majuma mengi bila kuukanyagia mguu huo."

"Ichonge tu, daktari," Asenath alisema haraka. "Krismasi ana gwaride."

"Mama, mfupa wake bado unakua," daktari alimjibu. " Nikiuchonga au kuukata leo, unaweza kupinda tena. Avae viatu vipana mpaka akomae, ndipo tuunyooshe."

"Nilikwambia, Mama!" Nasike alilia kwa hasira. "Ukasema vitapanuka!"

Asenath hakumgombeza. Aliinama, akavua kiatu chake. Nundu yake ilikuwa kubwa kuliko ya bintiye, na juu yake palikuwa na kovu refu.

"Mimi nilichongwa kabla hujazaliwa," alisema. "Nikarudia viatu vile vile, nayo ikarudi. Nami nilijua, bado nikakuvisha."

Jioni hiyo Jecinta alikuja mbio.

"Mama Lydiah, kama Nasike hapigi ngoma tena, nipe mimi hivyo viatu. Vitanibana kidogo, lakini vitapanuka."

Asenath alichukua kisu cha jikoni, akavikata viatu vyote viwili katikati.

"Kiatu hiki hakipanuki, wanangu," alisema, machozi yakimtoka. "Mguu ndio unaopinda. Kikikubana, sema, na nisipokusikia, sema tena, hata kama mimi ndiye niliyekuvisha."