Chupa za Shangazi Xiuhe

Mtaani kwetu mtu akiumwa chochote, tunamuuliza swali moja: umetundikiwa chupa? Mafua, chupa. Kichwa, chupa. Umegombana na mke huna usingizi, chupa. Kwa Daktari Pang, pale kona ya soko, kuna mabenchi mawili na misumari ukutani. Kila msumari una chupa ya dripu, na chini ya kila chupa kuna mtu anatafuna mbegu za alizeti na kusengenya majirani.

Sisi ni watu wa tofu, ile jibini laini ya soya. Baba yangu, Tao Shunde, anasaga soya kabla jogoo hajawika. Mama anauza dukani. Mimi nasambaza kwa guta la betri, la magurudumu matatu. Shangazi Xiuhe, dada yake Baba, kazi yake ni kutusimamia wote. Ndiye aliyemlea Baba baada ya wazazi wao kufa. Mpaka leo Baba ana wajukuu, na bado anaulizwa kama amevaa soksi.

Asubuhi moja Baba hakumaliza bakuli lake la tambi. Akasema tumbo linamsokota karibu na kitovu. Kufika mchana maumivu yalikuwa yameshuka chini, upande wa kulia, na yeye anatembea amejikunja. Nikataka kumpeleka hospitali ya wilaya. Shangazi akasema hospitali ni foleni na vipimo vingi, halafu wanakupa dawa zile zile za Pang. Akamshika mkono, wakaenda kona.

Pang alimtundikia chupa ya antibayotiki na kumwongezea dawa ya maumivu. Baba akapata nafuu. Kesho yake akatundikiwa nyingine, akarudi akasaga soya kidogo. Shangazi alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku iliyofuata Baba akaanza kutetemeka. Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe. Sikuuliza mtu. Nilishusha ndoo za tofu, nikamlaza kwenye guta juu ya blanketi, nikaondoka. Shangazi alirukia nyuma, akaweka kichwa cha Baba mapajani. Njia nzima alinitukana niendeshe haraka, na nikiendesha haraka alinitukana kwamba namrusharusha mdogo wake.

Hospitali tulimkuta Daktari Nong, mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyechoka. Alibonyeza tumbo la Baba, akampima damu, akampeleka kwenye mashine ya picha. Akatuambia kidole tumbo kimepasuka na usaha umemwagika tumboni, lazima apasuliwe sasa hivi. Akauliza Baba alikuwa anapewa nini. Tukamwambia. Akashusha pumzi. Akasema zile chupa zilipunguza homa na maumivu tu, sisi tukadhani amepona, na huku ndani ugonjwa unaendelea. Tungemleta ile siku ya kwanza, huenda kidole tumbo kingetolewa hakijapasuka.

Walimpa antibayotiki ya mshipa hapo hapo, kabla ya kisu. Wakampasua, wakatoa kile kilichooza, wakasafisha tumbo. Usaha kidogo wakaupeleka maabara. Majibu yalipotoka tukaambiwa bakteria wa Baba hawaisikii kabisa ile dawa ya Pang, wameshaizoea. Nong akabadilisha, akampa inayowaweza.

Baada ya hapo wodi nzima tulisubiri kitu kimoja: Baba ajambe. Kwetu hilo ni jambo la kila mtu. Muuguzi alisema akijamba ujue matumbo yameamka. Shangazi alikuwa anamuuliza kila akifumbua macho. Mzee wa kitanda cha jirani alijamba kwanza, na Shangazi akamnunia waziwazi. Zamu ya Baba ilipofika, watu walipiga makofi. Shangazi alilia, halafu akaenda kumtafutia uji.

Siku ya nne baada ya kupasuliwa, Nong alikuja akabonyeza tumbo. Laini. Homa hakuna. Damu imekaa vizuri. Uji unakaa tumboni. Akamwambia muuguzi atoe dripu, antibayotiki imetosha.

Shangazi hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mchana alitoka, akarudi na kapu la mboga. Chini ya mboga kulikuwa na chupa mbili za Pang na mpira wake. Alikuwa ameshatundika moja kwenye nguzo ya dripu kando ya kitanda Nong alipoingia.

"Mama, hiyo ni nini?" Nong akauliza.

"Daktari, sikugombezi," Shangazi akasema. "Lakini mdogo wangu umemwacha mapema. Watu wakija kumwona wataangalia hii nguzo tupu, watasema tumemchoka."

"Wao waangalie nguzo. Mimi naangalia tumbo."

Nilidhani Shangazi atawaka. Akakaa chini, chupa ya pili mapajani. Akasema walizaliwa watatu, wa katikati alikuwa anaitwa Shunli. Aliumwa tumbo hivi hivi akiwa mdogo, kijijini, hakuna daktari wala dawa.

"Nilimbeba mgongoni kwenda mjini," akasema. "Akakata roho, akapoa mgongoni kwangu, njiani. Tangu siku hiyo mimi sijui kusema dawa imetosha."

Mimi sikuwahi kulisikia hilo jina. Baba alikuwa anatazama dari, macho yamejaa maji.

Nong alivuta kiti, akakaa karibu na Shangazi.

"Mama, nyinyi ni watu wa tofu," akasema. "Tofu ikiozea kwenye ndoo, unafanyaje? Unaiacha humo unamwagia dawa kila siku?"

"Namwaga. Nasugua ndoo."

"Ukishasugua, ukaiona safi, ukainusa haina harufu?"

"Naanika."

"Basi. Kisu ndicho kilichomwaga. Dawa ilimaliza mabaki. Ndoo ni safi, nimeipima. Nikiendelea kumtilia dawa, nitaua bakteria wazuri wanaolinda utumbo, atapata kuhara kubaya. Na wale wabaya watakaobaki watakuwa sugu. Mmeona wenyewe dawa ya Pang ilivyoshindwa."

Shangazi akauliza kama kila mtu anapewa siku nne. Nong akasema hapana. Kuna anayehitaji zaidi, kwa mfano ambaye usaha wake haukutoka wote. Kuna asiyehitaji kabisa baada ya kisu. Anayeamua ni daktari aliyempima, na mgonjwa asiongeze wala asikatishe mwenyewe nyumbani.

"Na homa ikirudi?"

"Homa ikirudi, tumbo likianza kuuma, au kidonda kikitoa maji, mleteni hapa siku hiyo hiyo, kabla ya chupa ya mtu yeyote. Pengine usaha umejificha, na chupa itauficha zaidi." Akamwonyesha Baba kwa mkono. "Shunli alikosa kisu na akakosa dawa. Huyu amepata vyote viwili, na wewe ndiye uliyekuja naye."

Kisha Baba akajikokota akakaa, amejishika kidonda.

"Dada, ondoa hiyo chupa," akasema. "Wameniambia nitembee. Nilikuwa nashikilia nguzo, sasa nipe bega."

Shangazi aliangalia ile chupa, akamwangalia Baba. Akaishusha, akanitupia mimi nirudishe kwa Pang. Akampa bega. Walitembea ukumbi mzima taratibu, kwenda na kurudi, Shangazi akimsema kila mtu asiyewapisha. Mpaka anaruhusiwa kutoka, Baba hakupata homa tena. Leo anasaga soya kama zamani na kulamba bakuli.

Na Pang alibadilika, tena kwa sababu Shangazi alienda mwenyewe kumsimulia, na simulizi lake lilisikika mpaka machinjioni. Msimu wa baridi jirani mmoja aitwaye Luo, muuza nyama ya nguruwe, alifika pale ameshika tumbo upande wa kulia, anadai chupa. Pang alikataa kumtundikia. Alinipigia mimi simu nilete guta.

Kidole tumbo cha Luo kilitolewa hakijapasuka. Keshokutwa yake mke wake akaja dukani kwetu na malalamiko. Eti walimpa dozi moja ya antibayotiki kabla ya kisu, baada ya hapo hakuna kitu, wakawarudisha nyumbani. Eti hospitali imewadharau kwa sababu wananuka nyama.

Shangazi alikuwa anakata tofu. Hakuinua kichwa.

"Anakula?"

"Anakula."

"Ana homa?"

"Hana."

"Sasa umesimama hapa unafanya nini? Nenda kampikie mumeo."