Santuri za Sauti Nzito

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1953, duka la Mama Gulamu pale Masasi lilijaa watu mpaka barazani. Wengine walitaka chumvi, wengine mafuta ya taa, na wengine walijisogeza tu kusikiliza muziki wa bure. Mbele ya kaunta alisimama mtu mmoja aliyekuwa akipigiwa santuri moja baada ya nyingine, na kila moja akaikataa.

"Hii nayo nyembamba," alisema. "Nataka yenye sauti nzito, mama. Sauti inayokaa chini."

"Umekataa saba," Mama Gulamu akamjibu huku akibadilisha sindano ya gramafoni. "Chini wapi unakotaka wewe? Kisimani?"

Watu wakacheka. Mwalimu Mabel, aliyekuja kuchukua chaki na wino wa shule ya Lulindi, alimtazama mtu huyo kwa pembeni. Alikuwa mrefu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama, soksi nyeupe zimefika magotini, kofia ya pama ameikumbatia kwapani. Kiganja chake alikuwa amekiweka juu ya kasha la gramafoni, macho ameyafumba, kama muuguzi anayepima homa.

Mabel hakupenda kusema mbele ya watu. Lakini lori la kurudi Lulindi lilikuwa limekwisha kupiga honi mara mbili.

"Mama Gulamu, mpigie ile ya kwaya ya wanaume," alisema. "Iko chini ya zile khanga."

Kelele zikapungua. Watu wawili watatu waligeuka kumtafuta mwanamume aliyesema, wakamwona mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, gauni la buluu lenye ukosi mweupe, kilemba kimefungwa kwa unadhifu. Mabel akainamisha uso. Ndivyo ilivyokuwa tangu utoto wake. Wasichana wenzake wa bweni walimwita Baba Mabel. Mchumba aliyewahi kumposa alimwambia mshenga kwamba akizungumza na Mabel gizani huona kama anazungumza na mjomba wake, na posa ikafia hapo. Tangu siku hiyo Mabel alijizoeza kusema kwa kunong'ona, na mara nyingi kutosema kabisa.

Mtu wa kofia alifumbua macho. Hakucheka.

"Umeijuaje hiyo, bibi?"

"Naimba besi kanisani," Mabel alijibu, akajuta papo hapo. "Wanaume wengi wamekwenda kwenye mkonge. Tumebaki mimi na wazee wawili."

Jina lake lilikuwa Cyril, mtu wa Newala, fundi wa redio. Alikuwa ameajiriwa Nachingwea, kwenye mashamba makubwa ya karanga, na yalipofungwa alinunua gramafoni ya betri na spika kubwa kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifungasha kwenda kwao. Kasha la spika alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga.

"Sasa sijui kama kasha langu linanguruma au linakoroma," alimwambia Mabel. "Santuri nyembamba itanidanganya. Kila chombo kinajua kuimba juu. Kazi iko chini."

"Na ukikuta linakoroma?"

"Nitalala karibu nalo, nisijione niko peke yangu."

Mabel alicheka, naye alikuwa hajacheka mbele ya mtu mgeni kwa muda mrefu. Lori lilimwacha. Wakachagua pamoja santuri tatu: ile ya kwaya, ya kinanda cha kanisa, na ya dansi la Kongo lenye gitaa la kusimama, refu kama mtu. Walipoagana Cyril alimwomba afike Newala siku atakapoijaribu spika. "Uje na mwenzio, watu wasiseme. Lakini uje, mwalimu. Masikio yako yanazidi yangu."

Mabel alirudi Lulindi jioni kwa baiskeli ya kuazima, chaki mgongoni, na njia nzima alikuwa akijisemesha kwa sauti.

Baada ya wiki mbili alipanda lori la Mohamedi pamoja na rafiki yake Lois, muuguzi wa misheni. Lori lilikwea mwinuko wa Newala likihema, ukungu ukaingia mpaka ndani ya turubai, wakajifunika khanga moja wawili.

"Umejipaka mafuta ya nazi," Lois alimchokoza. "Ya kusikiliza spika?"

"Nyamaza wewe."

Nyumbani kwa Cyril majirani walikuwa wamejaa mchana ule. Dada yake, Veridiana, aliwapokea kwa uji wa moto. Kasha lenyewe lilisimama kona ya sebule, jekundu, linang'aa, limefika kifuani mwa mtu. Cyril alianza na dansi, akafuatisha kwaya. Ilipofika zamu ya kinanda, sauti iliteremka, ikateremka tena, mpaka vikombe vya bati vikatetemeka rafuni na Mabel akaihisi katika nyayo zake, kwenye sakafu ya udongo. Alimtazama Cyril, naye Cyril alikuwa akimtazama yeye. Kwa muda huo mfupi Mabel hakuwa na haja ya kitu kingine duniani.

Furaha ikampita Cyril kimo. "Jamani, mwaona?" aliwaambia watu. "Huyu ndiye aliyenichagulia. Na sauti yake mwenyewe ni kama hii hii. Mwalimu, sema neno, walinganishe."

"Taa ikizimwa hatutajua mume ni yupi," akasema Mohamedi, yule dereva wa lori, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Cyril naye alicheka. Kidogo tu, lakini Mabel alimwona.

Alisimama, akamshukuru Veridiana kwa uji, kwa kunong'ona, akatoka kwenda kumngoja Mohamedi kwenye lori. Cyril alimfuata hadi barabarani. "Mwalimu, nimekosa nini?" Mabel akapanda, akajifunika khanga.

Barua zikaja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabel alizitia ndani ya Biblia bila kuzifungua. Alifundisha, alisahihisha madaftari, alipika chakula cha mtu mmoja. Kanisani akawa anafungua kinywa tu bila kutoa sauti, na mzee aliyesimama kando yake akamwuliza kama anaumwa koo.

Mwezi wa Septemba Lois alirudi kutoka Newala na ujumbe. Cyril angepiga simu kutoka boma la Newala, Jumamosi saa nane, posta ya Masasi.

"Siendi," Mabel alisema.

"Usiende kwa ajili yake. Nenda umtukane, nafsi yako itulie."

Akaenda. Karani wa posta alimwonyesha chombo ukutani. "Dakika tatu, mwalimu. Wengine wanangoja."

"Halo," ilisema sauti ya mbali. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani? Nimemwita Mwalimu Mabel."

"Ndiye anayesema."

Cyril akasema polepole, "Dada Lois, kama Mabel amekataa kuja, niambie tu. Usinidanganye."

Mabel akaelewa. Waya ule ulikuwa umeichuja sauti yake, uzito wote umebaki njiani, na huko Newala alisikika kama mwanamke yeyote. Kitu alichokiombea tangu utoto kilikuwa kimemjia, na mtu wa upande wa pili hakukitaka.

"Cyril, ni mimi. Ulikataa santuri saba, nikakuonyesha ya nane chini ya khanga."

Alimsikia akivuta pumzi. "Kumbe simu imekula sauti yako."

"Si afadhali? Leo niko kama wenzangu."

"Afadhali kwa nani? Nimekaa wiki zote hizi nikiikumbuka. Nilikuonyesha kwa watu kama ng'ombe mnadani, Mabel. Na nilicheka. Nilijua nimekosea kabla hujafika mlangoni, nikaona haya kukiri mbele ya wanaume. Nisamehe."

Mabel alishika waya kwa mkono wa pili. "Iliniuma."

"Najua. Sikiliza, Jumanne naondoka. Nimepata kazi Dar es Salaam, ya kutengeneza redio. Mkataba wa miaka miwili. Sitaki kwenda kabla sijakuuliza. Utakubali nikuoe?"

"Muda umekwisha," akasema karani, na waya ukakatika.

Jumanne asubuhi Mabel aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akaenda Masasi. Lori la Newala la kwenda Lindi, kwenye meli za Dar, lilisimama hapo kushusha magunia, na Cyril akaruka chini, vumbi limemjaa nyusi. Alivua kofia, hakujua aishike vipi.

"Jumapili nilikwenda kwa padri," Mabel alimwambia, bila kunong'ona. "Atatutangaza kanisani mara tatu. Desemba shule ikifungwa, nitakuja Dar."

"Mpenzi, ulikwenda peke yako?"

"Wewe ulikuwa Newala. Ningekwenda na nani?"

Cyril akamshika mikono yote miwili, mbele ya wachukuzi na wauza mihogo, mpaka dereva akampigia honi. Mabel alisimama pale hadi lori lilipopotea kwenye njia ya Nanganga.

Jumapili tatu za Novemba padri alisoma majina yao, na Jumapili tatu Mabel aliyasikiliza akiwa hana mtu kando. Ya tatu mvua za kwanza zilikuwa zikinyesha na mzee mmoja wa besi hakuja. Padri aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa likatulia. Wimbo ulipoanza, Mabel aliushika mstari wa chini kwa nguvu zake zote, na watoto wa benchi za mbele wakageuka kumtazama. Akaendelea.

Nyumbani alipika wali mdogo, akala, akaosha sahani moja. Kisha akasogeza wino.

"Mpenzi wangu Cyril," aliandika. "Leo wametutangaza mara ya mwisho. Hakuna aliyepinga. Nimekaa barazani mpaka jioni nikiitazama njia, na huku najua hutakuja."